Jiwe la Mradi

Shangazi alifika mapema katika maabara ya Shule ya Chini, akafuta vumbi la chaki mezani, akatandika gazeti sakafuni na kuweka mizani juu yake. Mguu mmoja wa mizani ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliusukumia kipande cha kadibodi, kama alivyofanya kila muhula. Kando ya mizani aliweka jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida la mtoni, jeusi, kubwa kama tikiti dogo, limepakwa rangi nyeupe ubavuni na kuandikwa namba ya mali ya mradi. Kisha akafungua mlango na kuwaambia watoto wavue viatu.

Jiwe lilikuwa la wale ambao mizani haikuwasikia. Mtoto wa namna hiyo akipanda, sindano haiendi mbele; inarudi nyuma ya sifuri na kutetemeka huko. Basi anapewa jiwe alikumbatie, anapimwa nalo, halafu uzito wa jiwe unatolewa. Aliyebuni njia hiyo alipigiwa makofi na ofisi nzima.

Watoto walikuwa wameanza kuwa wepesi tangu mwaka uliopita. Si kwamba walikonda. Mashavu yalikuwa palepale na sare ziliwabana vilevile, ila uzito uliwatoka. Sababu haikuwa siri. Mbele ya geti la shule palikuwa na duka la dawa, na ndani yake dawa ya kikohozi iliuzwa katika chupa ndogo za kahawia kwa watoto wasiokohoa. Unakunywa wakati wa mapumziko, kichwa kinatulia, na yale uliyotoka nayo nyumbani hayakulemei tena. Ukiendelea hivyo, siku moja unajikuta umesimama mstarini na visigino haviko chini. Mwenye duka alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuzuia uhalifu ya mtaa. Hakuna asiyejua, naye hakujificha. Picha yake akikabidhiwa uenyekiti ilitundikwa ukutani, juu ya rafu ya chupa.

"Anayefuata," Shangazi akasema.

Aliyefuata aliingia akiwa ameshika ukuta. Alikuwa binti wa kaka yake. Alizaliwa mzito hata mkunga akashika kiuno, akaitwa Bonge, na jina likamganda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hapa usiniite shangazi." Mradi ulikataza udugu wakati wa kupima.

"Shikamoo, mtafiti."

Bonge akapanda. Sindano ikarudi nyuma. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akainama, akaokota jiwe na kumkabidhi mtoto wa kaka yake.

"Umeanza lini?" akamnong'oneza.

"Tangu mama."

Mama yake Bonge alikuwa amefariki muhula mmoja kabla, kwa ugonjwa wa siku chache. Baada ya mazishi, baba mtu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alivaa miwani yake myeusi akarudi kazini, na tangu hapo nyumba ile haikumtaja marehemu tena. Shangazi mwenyewe alikuwa akienda pale kila Jumapili, anafua, anapika, anaondoka. Hakuwahi kumuuliza mtoto neno. Sasa alisimama na kalamu mkononi, akijiona mjinga wa kutupwa.

Mamlaka nayo haikukaa bure. Ilipitisha sheria kwamba yeyote ambaye nyayo zake hazigusi ardhi mahali pa hadhara ni mzururaji. Gari la polisi lilizunguka mitaani na askari wenye miti mirefu yenye kulabu, wakiwavuta watoto kutoka kwenye mabati na nyaya za simu. Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele na kuwaonyesha nyumba. Aliwajua wote, walikuwa wateja wake. Mahabusu, watoto walikaa wamebandika migongo darini, na askari wa zamu alilalamika kwamba wanamdondoshea machozi kwenye chai. Walioachiwa walirudi wepesi zaidi ya walivyochukuliwa.

Juu ya mlima, mwendo wa dakika chache tu, kulikuwa na Shule ya Juu. Ilikuwa na duka la dawa vilevile, na chupa zilezile, kwa sababu mwenye nalo ni yuleyule. Tofauti ilikuwa chumba. Mradi ulipoanza, Profesa aliwaita walimu wakuu wa shule zote mbili na kurusha sarafu mbele yao, ili pasiwe na upendeleo. Shule ya Juu ikapata chumba. Shule ya Chini ikapata kuwa kundi la kulinganisha, na mwalimu mkuu wake akapewa mwavuli.

Chumba chenyewe hakikuwa na ajabu. Kilikuwa stoo ya mipira, wakaitoa mipira, wakaweka viti viwili vya mbao na birika. Kwenye kiti kimoja alikaa nesi mstaafu ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka kabla yake. Kila mchana alikuwa hapo, anafuma sweta ambalo halikuwahi kumtosha mtu. Hakuwa na busara ya kutisha wala maneno ya vitabuni. Mtoto akiingia na kusema jambo, Nesi anaweka sindano chini, anasogeza sikio na kuuliza, "Nini?" Ilibidi jambo lisemwe mara ya pili, kwa sauti. Na ile mara ya pili, kiti kilikuwa kinalia kwa uzito.

Shangazi aliwapima watoto wa Shule ya Juu muhula baada ya muhula, na jiwe lilikaa kando bila kazi. Uzito ulikuwa unarudi.

Siku ile alitoka kupima akaenda moja kwa moja ofisini kwa Profesa. Alimkuta anamenya chungwa, anakusanya maganda kwenye kiganja kwa uangalifu.

"Profesa, kule chini watoto wanapaa. Tufungue chumba na kule. Ni viti viwili na mtu wa kukaa nao, basi."

"Dada, nakuelewa. Nakuelewa kabisa. Lakini tukiwapa na wao, tutalinganisha na nini?"

"Si tumeshaona kinachosaidia?"

"Tumeona. Hatujathibitisha." Akamkatia kipande cha chungwa. "Vumilia kidogo. Matokeo yakitoka, hakuna atakayethubutu kupinga. Kila shule itapata chumba. Hatutaomba, dada yangu. Wataomba wao."

Profesa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Shangazi. Mtu mbaya ungemtukana, ukaenda zako, roho ikatulia. Huyu alikuwa na picha ya watoto wa mradi juu ya meza, na macho yalimlegea alipoitazama. Shangazi alikula lile chungwa kwa sababu alishapewa, na lilikuwa tamu, akachukia hata utamu wake.

Jioni hiyo kaka yake alikuwa karakanani, anakata bati nene la chuma. Alikuwa akimtengenezea binti yake soli.

"Za kushikilia tu," alisema bila kuinua uso. "Asije akanaswa na wale wa kulabu."

"Soli peke yake haitoshi, kaka."

"Mimi ni fundi wa vyuma, dada. Unataka nichomelee nini kingine?"

Kesho yake mchana, masomo yalipokwisha, Shangazi alimshika Bonge mkono, wakapanda mlima. Soli za chuma ziligonga barabara na watu waligeuka kwa sababu ya kelele, si kwa kingine. Nesi alikuwa anafunga birika. Alimtazama mtoto, akatazama sare yake ya Shule ya Chini, akavuta kiti.

Bonge alikaa, ameshika kingo za kiti asije akanyanyuka. Kisha akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Nini?" Nesi akauliza.

"Mama alikufa nikiwa nimemnunia!"

Kiti kikalia. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akasikia mbao zikilalamika, akaona vidole vya mtoto vikiachia kingo kimoja baada ya kingine. Nesi alimmiminia chai, akaendelea kufuma. Waliporudi, Bonge alizivua zile soli njiani, akazibeba mkononi, akatembea pekupeku kwenye kokoto na kusema aah, zinauma. Shangazi alicheka na kulia palepale barabarani kama mwendawazimu.

Wakawa wanakwenda kila mchana. Bonge, ambaye hakuwahi kujua kula kitu peke yake, akamleta rafiki. Rafiki akaleta wawili. Haukupita muda, mchana wa saa za kutoka shule, msururu wa watoto wa Shule ya Chini ulionekana ukipanda mlima, wamefungana viunoni kwa kamba ya kuanikia nguo ili upepo usiwachukue, mzito zaidi mbele, mwepesi zaidi nyuma akipepea. Walikaa nje ya ile stoo wakingoja zamu. Usiku Nesi alikuwa anakanda magoti yake, mchana yuko palepale, "Nini?" na "Nini?" Mwenyekiti aliona chupa zimemlalia rafuni, akapeleka malalamiko kwenye kamati yake mwenyewe kwamba kuna mikusanyiko ya vijana isiyo na kibali.

Upimaji uliofuata, watoto wengi wa Shule ya Chini hawakuhitaji jiwe. Shangazi alipeleka matokeo ofisini akiwa amevaa gauni lake zuri, kama mtu anayekwenda kuposwa.

Profesa aliangalia mistari miwili kwenye kompyuta yake. Ilikuwa inasogeleana.

"Sampuli imechafuka," alisema.

"Watoto wanapona, Profesa."

"Ndiyo. Ndivyo ilivyochafuka." Alivua miwani akajifuta uso, na kweli alikuwa na huzuni. "Dada, sikiliza. Mistari hii ikikutana, utafiti wetu utasema chumba hakina tofauti yoyote. Unaelewa? Utasema hakifai. Watakifunga, na hakuna mtoto hata mmoja nchi nzima atakayepata kingine. Unamwokoa mmoja unayemjua, unawazika wote usiowajua."

Hapo ndipo alipomkamata. Shangazi alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi. Aliijua hesabu, na hesabu ilikuwa kweli. Kosa lake halikuwa la hesabu. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba huko juu, kwenye meza zilizokuwa zikisubiri majibu, kulikuwa na watu wanaotaka kujua. Profesa akamwomba asimame getini pa Shule ya Juu kwa muda uliobaki, kwa kuwa yeye ndiye aliyezijua nyuso za watoto wa chini na kubadili sare kusingemdanganya. Akakubali.

Siku ya kwanza msururu ulifika na kamba yake. Bonge alikuwa mbele.

"Leo hapana, mwanangu. Mngoje kidogo tu. Matokeo yakitoka, mtapata chumba chenu, palepale shuleni, na viti vipya."

"Nesi yumo ndani?"

"Yumo."

"Na viti viko?"

"Viko."

Bonge alimtazama. Nyuma yake watoto wepesi walikuwa wakigongana taratibu angani.

"Sawa, mtafiti," akasema.

Wakageuka. Shangazi alibaki ameshika geti, na hasira ilimpanda, nayo haikuwa na pa kwenda, kwa sababu anayestahili kutukanwa alikuwa amesimama ndani ya viatu vyake mwenyewe. Jumapili alipokwenda kufua, Bonge alimsalimu kwa adabu zote na kuingia chumbani. Chini ya mto kulikuwa na chupa za kahawia. Kaka mtu alikuwa ameshaongeza unene wa soli.

Matokeo yalizinduliwa katika ukumbi wenye mapazia ya samawati. Palikuwa na maji ya chupa kila meza, maua ya plastiki, na mshereheshaji aliyewataka watu wapige makofi kabla hakijasemwa kitu. Mbele, kwenye meza ya maonyesho, waliweka mizani na jiwe. Waziri alikaa katikati, Profesa kulia kwake, Mwenyekiti kushoto, kwa niaba ya wananchi. Watoto watano waliletwa kuwakilisha kundi la kulinganisha, Bonge akiwamo. Alikuwa na soli zake za chuma na kamba ya kuanikia nguo kiunoni. Ncha ya kamba aliishika Shangazi, kiti cha jirani.

Profesa alionyesha mistari yake. Ilianza pamoja, ikayumba kidogo katikati, halafu mmoja ukapanda na mwingine ukashuka, na kati yake palikuwa na uwazi mpana, safi, usio na ubishi. Ukumbi ulihema kwa kupendezwa. Profesa mwenyewe alikatika sauti kidogo. Shangazi aliubana ule mkono wenye kamba akamwambia Bonge, "Umeona? Sasa ni zamu yenu."

Waziri akasimama.

"Utafiti umetuthibitishia kwamba vijana wanapaa," alisema, "na mimi si mtu wa kukaa chini vijana wakipaa."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Akatangaza kwamba juu ya kila shule na kila mtaa wenye vijana wepesi utatandikwa wavu imara wa nailoni, na kwamba kazi ya kuleta nyavu atapewa mtu mzalendo anayewajua vijana hao kwa majina. Mwenyekiti akainama kwa unyenyekevu. Kuhusu chumba, Waziri alisema kimefanya kazi nzuri sana, na kwa kuwa kimefanya kazi nzuri, mradi umefikia lengo lake na unafungwa rasmi leo. Profesa akapiga makofi pamoja na wenzake.

Shangazi alisikia chuma kikigusa sakafu kwa upole. Bonge alikuwa amezivua soli zake. Alizipanga pamoja chini ya kiti, kama mtoto aliyefunzwa adabu, kisha akapaa. Alipita mbele ya bango la mradi, akapita taa. Mhudumu wa ukumbi alichukua mti wa kufungulia madirisha, akafungua la juu ili mtoto asivunje balbu. Mshereheshaji akawatangazia wageni chakula.

Kamba ilimkata Shangazi viganja lakini hakuiachia. Aliburuzwa hadi meza ya mbele, akaizungusha kwenye jiwe, akafunga fundo, na jiwe likashika. Bonge alikuwa ameshatoka nje ya dirisha.

"Mama, hilo ni la mradi," mtunza stoo wa mradi alimwambia. "Linatoka kwa kusainiwa."

"Njoo ulichukue basi," Shangazi akasema, "kama una ubavu. Njoo ulichukue, mwanaharamu wee, wewe na mradi wako na waziri wako!"

Alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia ofisini. Mtunza stoo aliangalia pembeni. Alilisukuma jiwe na kamba yake nje ya dirisha, akazunguka kulichukua, akalipakata kama mtoto mchanga, akatembea hivyo kutoka katikati ya mji hadi nyumbani, na binti wa kaka yake akimfuata juu ya mapaa.

Wiki ileile pikapu ilikwenda Shule ya Juu kuvichukua vile viti viwili, maana vilikuwa na namba za mali. Mipira ikarudishwa stoo. Nesi alipoambiwa mkataba umekwisha aliuliza, "Nini?" na ilibidi aambiwe mara mbili. Muhula uliofuata watoto wa Shule ya Juu nao wakaanza kushika kuta.

Profesa alimpigia simu Shangazi. Kulikuwa na awamu ya pili, alisema. Wafadhili wanataka kujua baada ya chumba kufungwa uzito unachukua muda gani kupotea. Ni swali muhimu. Kisha akauliza, kwa aibu ya kweli, kama lile jiwe anaweza kulirudisha, kwa sababu vipimo vyote vya nyuma vilitumia lile na jiwe jipya lingevuruga hesabu. Shangazi alimjibu maneno ambayo mtu mzima hamwambii mtu mzima mwenzake, akakata simu, na hakujisikia vizuri hata kidogo.

Jiwe liko uani kwa fundi, kati ya mageti yasiyo na wenyewe. Kamba inakwenda juu mpaka pale ambapo Bonge anaonekana mdogo kama shati lililosahauliwa. Fundi anampandishia chakula kwa kapi aliyoitengeneza mwenyewe. Kila mchana Shangazi anatoa kiti, anakaa chini ya kamba, anapaza sauti.

"Umeshindaje, mwanangu?"

Kutoka juu kinakuja kitu, upepo umekitafuna.

"Nini?" anauliza Shangazi, na kiganja sikioni.

Bonge anakisema tena kwa nguvu, na mara nyingine, si kila siku, kamba inalegea kidogo. Fundi alianza kusimama karibu akiwa ameshika miwani yake myeusi mkononi. Siku moja naye alipaza sauti, akamtaja mkewe kwa jina, na kamba ikalegea hata Shangazi akaikunja mkunjo mmoja juu ya jiwe.

Mafundi wa nyavu walifika mtaani siku chache baadaye, vijana wapole wenye ngazi ndefu na makoti mapya yaliyoandikwa jina la kampuni ya Mwenyekiti. Walitandika wavu kutoka paa hadi paa, nyumba baada ya nyumba. Walipofika uani kwa fundi waliiona kamba, wakashauriana, na badala ya kuikata waliipitishia kwenye tundu moja la wavu, wakakaza vizuri pembeni.

"Mtoto wangu yuko juu," fundi aliwaambia. "Anashuka. Anashuka polepole, lakini anashuka. Sasa atapita wapi?"

Kijana wa ngazi alitazama juu kupitia wavu, akijikinga jua kwa mkono.

"Akifika, mzee, mnaenda ofisini kwa Mwenyekiti. Wavu unafunguliwa kwa kibali."

Wakahamisha ngazi zao kwenda nyumba ya jirani. Shangazi akasogeza kiti chini ya lile tundu, akainua uso.

"Nini?" akaita. "Nini, mwanangu? Sema tena!"